Zima Sauti, Kisha Umuulize Cucu

Simu niliiegemeza kwenye chupa ya chai, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, katika nyumba moja kule Runyenjes, kaunti ya Embu. Video yenyewe ilikuwa fupi, dakika mbili hivi: taarifa ya habari ya Waingereza, picha nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Kenya miaka ya 1950 na ambayo siku hizi iko YouTube kwa yeyote mwenye bando. Askari wanapita msituni kwa mstari. Lori linasimama. Wanaume wamechutama, mikono kichwani. Juu ya picha hizo sauti ya mtangazaji wa London inakwenda mbio kama ya mtu anayetangaza mashindano ya farasi.

Cucu, kama tunavyomwita bibi huku, aliyekuwa ameketi kando yangu na shuka magotini, hajui Kiingereza. Alivumilia kidogo, kisha akauliza: "Huyo naye anapiga kelele za nini? Hebu mnyamazishe."

Nikazima sauti. Tukaanza upya. Ilipofika katikati akanishika mkono. "Rudisha hapo." Nikarudisha. Mimi nilikuwa nimewaona askari na bunduki zao. Yeye alikuwa ameona kitu pembeni kabisa mwa picha, kitu ambacho huenda hata mpiga picha hakukitia maanani: wanawake watatu wakipita wameinama, kamba za mizigo zimewakaza vipaji vya nyuso. "Hizo si kuni," akasema. "Hizo ni fito za ua. Tulikuwa tunazungushia kijiji."

Basi akaanza. Alieleza jinsi familia zilivyong'olewa kwenye miji yao na kusongamanishwa katika kijiji kimoja chenye ua na handaki, nyumba zimepangwa kama mistari ya daftari. Jinsi wanawake walivyotolewa kila asubuhi kwenda kuchimba mtaro ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa ndani wasifikiwe na chakula, na chini ya mtaro vikachomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha. Jinsi mtu alivyopewa muda mfupi tu wa kukimbilia shamba kuchimba viazi, na kipenga kikilia awe amerudi. Miaka hiyo ya hali ya hatari wazee wa huku wanaiita imajensi hadi leo. Chai ilipoa. Video ya dakika mbili tuliitazama kwa saa mbili.

Tangu siku hiyo nina msimamo wangu kuhusu filamu za kufundishia historia ya watu weusi. Nazipenda, nazitafuta, ninazo tele. Lakini sisi wa Embu na Meru tumejifunza kwa filamu ubaguzi wa rangi wa kila mahali isipokuwa ule uliopita uani kwetu, na hata pale uani kwetu palipopigwa picha, sauti iliyowekwa juu yake ilikuwa ya mgeni.

Aliyesoma shule ya bweni huku miaka ya 1990 na 2000 anaijua Jumamosi ya filamu. Chakula cha jioni kikiisha, meza za bwalo zinasukumwa ukutani, runinga inafunguliwa kwenye kasha lake la vyuma kama mfungwa aliyepewa ruhusa ya kuota jua, na mwalimu wa zamu anakaa karibu na kitufe, tayari kwa lolote. Filamu iliyorudi muhula baada ya muhula ilikuwa Sarafina!, ya mwaka 1992, Leleti Khumalo akiwa mwanafunzi na Whoopi Goldberg mwalimu wake, kuhusu vijana wa Soweto waliokataa Kiafrikana na kuingia barabarani Juni 16, 1976. Nyimbo zake tulizijua zote, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Nyumbani nako kulikuwa na Shaka Zulu, ule mfululizo wa 1986, kijiji kizima kimejazana kwa yule mwenye runinga na betri ya gari. Ilinichukua miaka kujua kwamba mfululizo ule ulitengenezwa na shirika la utangazaji la serikali ya makaburu yenyewe, na ndiyo maana kisa cha mfalme wa Wazulu kinapitia kinywani mwa Mzungu, Fynn.

Leo bwalo limehamia kwenye simu. Vijana wamemwona Lupita Nyong'o akipokea Oscar mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave, wakamwona tena Wakanda mwaka 2018. Wametazama Selma. Mpwa wangu wa kidato cha pili alinieleza bila kusita jinsi Rosa Parks alivyokataa kuondoka kwenye kiti cha basi mjini Montgomery, Desemba 1955. Akataja mpaka mwezi. Nikamuuliza: na Mwea, wakati huohuo, kulikuwa na nini?

"Mwea ni mchele," akasema.

Hakukosea. Mwea ni mchele. Pishori ile tunayoipika Krismasi, inayonukia hadi kwa jirani, hutoka kwenye tambarare hizo unazopita ukitoka Makutano kwenda Embu, maji yakimeta pande zote mbili za barabara. Siku hizo eneo hilo lilikuwa katika wilaya ya Embu. Kirinyaga ilikuwa bado haijakatwa kuwa wilaya peke yake. Na mifereji hiyo ya kwanza haikuchimbwa na wakulima. Ilichimbwa na mahabusu wa Mau Mau, waliowekwa katika kambi za Thiba, Gathigiriri, Kandongu na nyingine za jirani. Mwaka 1957 ofisa aitwaye Terence Gavaghan akapewa kazi ya kuwavunja wale sugu waliokataa kukiri kiapo. Walipigwa tangu wanaposhuka kwenye gari, kisha wakagawanywa vikundi vidogovidogo na kuchanganywa na waliokwisha kukubali. Wakubwa wa serikali waliona Mwea imefaulu. Mbinu hiyo ilipopelekwa Hola, kwenye Mto Tana, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa Machi 3, 1959.

Montgomery ina filamu. Ina Eyes on the Prize, ule mfululizo wa Henry Hampton ulioanza kuonyeshwa mwaka 1987, ambao hadi leo sijaona kazi inayoushinda kwa kuacha watu wa kawaida wajisemee. Mwea ina mchele. Mpwa wangu alijua alichoonyeshwa.

Nani basi alikuwa na kamera wakati huo? Hapa kuna historia inayochekesha na kuudhi kwa pamoja.

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi wa majaribio wa sinema kwa Waafrika, uliotokana na baraza la wamishenari na kugharimiwa na wakfu wa Carnegie wa Marekani. Ulitoa filamu zipatazo 35, kisha lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu za makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata sinema ya kawaida. Kwa hivyo filamu zake zilikwenda polepole: mtu anatoka nyumbani, unamwona anatembea, anatembea, anafika kisimani, anachota. Ukikata picha katikati, Mwafrika atapotea!

Na jambo la ajabu ni kwamba pale pale kwenye magari hayo ya sinema kulikuwa na mtu wa kututoa aibu, ila hakuna aliyemhesabu. Alikuwa mfasiri. Alisimama kando ya pazia akaeleza kwa lugha ya wenyeji, akaongeza chumvi, akajibu maswali, akawachekesha watu pale ambapo filamu haikukusudia kuchekesha. Ni kazi hiyohiyo ambayo DJ Afro ameifanya miaka nenda miaka rudi: anaichukua filamu ya Hong Kong au Hollywood, anaizungumzia kwa Kiswahili na Sheng, na kijana wa duka la muvi la Majengo, Embu, anakutilia kwenye fleshi uende nayo nyumbani. Watazamaji wa huku hawakuwahi kushindwa kufuata filamu. Walitaka tu mtu wao azungumze juu yake.

Imajensi ilipoanza Oktoba 1952, kamera zikaja kwa wingi, na filamu za kuigiza zikafuata. Simba ilitoka mwaka 1955, Dirk Bogarde akiwa mlowezi. Safari ikafuata 1956. Mwaka 1957 ikaja Something of Value, Rock Hudson akiwa kijana wa Kizungu, na Sidney Poitier akiwa Kimani, aliyelelewa naye shambani kisha akaingia msituni. Nimezitazama zote tatu, moja kati ya hizo nikiwa na usingizi. Katika zote kamera imesimama verandani kwa mlowezi, inatazama gizani, na kutoka gizani linatoka panga. Mtazamaji wa London au Chicago angeondoka akidhani Wazungu waliangamizwa. Walowezi raia waliouawa na Mau Mau kwa miaka yote ya vita walikuwa 32. Waafrika waliouawa kwa kutajwa kuwa Mau Mau, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 11,000, na walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walikuwa zaidi ya 1,000.

Hata hivyo kuna jambo la Poitier nisiloweza kuliruka. Yeye na waigizaji wengine wachache weusi wa wakati huo walichukua kazi walizopewa, wakazipa utu ambao haukuandikwa kwenye karatasi. Kimani wake ana hasira yenye sababu. Unaona anapopigwa kofi, na unajua kwamba kofi hilo ndilo lililomtuma msituni. Miaka miwili baadaye, 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza, Septemba mwaka huo, ilibeba wanafunzi 81. Aliyekuwa ameigiza Mkenya kwenye sinema akawasaidia Wakenya wa kweli kupata tiketi. Hiyo nayo ni historia ya watu weusi, na ingekuwa filamu nzuri kuliko Something of Value.

Tukivuka Mto Thuci kuelekea Chuka hadi Meru mjini, habari inageuka kuwa ya simba. Wa kweli, safari hii.

Ukiwauliza watu wa nje filamu gani inahusu Meru, watakwambia Born Free, ya 1966. Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa na George na Joy Adamson baada ya George kumwua mama yake mwaka 1956, alizoezwa kuishi porini katika eneo ambalo sasa ni Mbuga ya Taifa ya Meru, na kaburi lake limo humo, karibu na Mto Ura. Watalii hulizuru. Anayeigiza Joy ni Virginia McKenna, yuleyule aliyekuwa binti wa mlowezi katika Simba miaka 11 kabla. Kutoka kuogopa Mwafrika gizani hadi kumkumbatia simba mchana! Sina ugomvi na Elsa. Lakini hesabu maneno wanayoyasema watu weusi katika filamu ile, halafu hesabu mara ambazo jina la simba linatajwa. Filamu iliyolipeleka jina la Meru duniani kote haina Mmeru anayekumbukwa.

Na kuna kahawa. Out of Africa ilitoka mwaka 1985, ikazoa tuzo saba za Oscar, na watu hadi leo wanakwenda Karen, Nairobi, kuona nyumba ya Karen Blixen, mlowezi ambaye filamu inasimulia maisha yake. Filamu imejaa kahawa: mashina yake, maua yake meupe, kiwanda kinapoungua. Jambo ambalo haisemi ni kwamba wale wanaume na wanawake wanaoichuma hawakuruhusiwa kuipanda kwao. Kahawa ya Kenya ilikuwa zao la Mzungu. Walowezi walisema Mwafrika ataleta magonjwa na kuharibu ubora. Walichoogopa ni kwamba atapata fedha na kuacha kuwafanyia kazi.

Blixen alifilisika na kurudi Denmark mwaka 1931. Miaka michache baadaye serikali ikakubali kujaribu Waafrika, na ikachagua Kisii, Embu na Meru. Kwa nini huku? Kwa sababu tulikuwa mbali na mashamba ya Wazungu, tusije tukawaambukiza mibuni yao. Mtu alihesabiwa mashina, akakaguliwa, akaambiwa lini apalilie. Maelfu ya watoto wa Meru na Embu wamesomeshwa kwa kahawa iliyoanza kwa ruhusa hiyo ya kinyonge. Wazee wa Imenti wanaweza kukuonyesha mibuni ya baba zao. Nenda siku moja kwenye kiwanda cha ushirika wakati wa mavuno, asubuhi, watu wamepiga foleni na magunia, karani anaandika kilo, uone kama huwezi kupiga filamu ya saa nzima kuhusu ubaguzi wa rangi bila kumwonyesha Mzungu hata mmoja.

Lakini filamu ninayoililia mimi ni nyingine. Haijapigwa, na kila Mmeru aliyeketi na mzee wake anajua mpangilio wake.

Wameru wanasimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa kwenye bahari kubwa, ambacho watafiti kama Jeffrey Fadiman wamekihusisha na kisiwa cha Manda, Lamu. Huko walitawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowafanya watumwa. Nguo Ntune wakawapa mitihani isiyowezekana. Leteni ndara yenye manyoya pande zote mbili. Toeni tunda lililo ndani ya shimo refu bila kulichokoa. Wakajaza maji, likaelea. Leteni mbwa mwenye pembe. Leteni mkuki unaofika mbinguni. Huo wa mwisho uliwashinda, na usiku huo, wakiongozwa na Koomenjwe, wakatoroka hadi ufukweni, bahari ikagawanyika wakavuka.

Sasa sikiliza sehemu inayonifanya niirudie hadithi hii kila mtu anapozungumzia rangi. Waliovuka usiku waliitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, mbingu ikipambazuka, wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limeshatoka wakaitwa Njeru, weupe. Koo za Wameru zimegawanyika hivyo hadi leo. Ndugu mmoja ni mweusi, mwingine mweupe, mwingine mwekundu, na ngozi zao ni zilezile! Rangi ilikuwa jina la saa uliyopata uhuru wako. Wasomi watabishana kama hadithi imechanganyika na Kitabu cha Kutoka kilicholetwa na wamishenari, na wana haki ya kubishana. Lakini nionyeshe darasa la historia ya watu weusi, Nairobi au New York, lisiloweza kuanza na picha hiyo ya watu wanaovuka maji gizani.

Rangi peke yake, hata hivyo, haitoshi kueleza yaliyotukuta, na hapa ndipo filamu za Marekani hutupotosha kidogo. Ukiwa umezoea Selma, unatafuta askari mweupe na mwandamanaji mweusi. Cucu wa Runyenjes hakumtaja Mzungu zaidi ya mara mbili. Aliyemtaja ni ngati, askari wa nyumbani, aliyekuwa akipiga kipenga kile cha shambani. Alikuwa mtu wa ukoo jirani. Wajukuu zake wanasali kanisa moja na wajukuu wa cucu. Serikali iliwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye kitabu kimoja cha pasi, KEM, mtu asitembee bila hicho, kisha ikawatenganisha tena kwa vyeti vya utiifu. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, Machi 1957, ulipofika, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru asiye na cheti hakupiga kura. Kwa kuwa Meru na Embu walikuwa na vyeti vingi zaidi, mwalimu wa Meru, Bernard Mate, alimshinda Eliud Mathu na kwenda bungeni kuwakilisha mkoa mzima wa Kati. Huwezi kuionyesha hiyo kwa rangi mbili.

Wala uhuru haukumaliza mambo. Field Marshal Musa Mwariama wa Meru alitoka msituni uhuru ulipofika, na picha yake akiwa na Jomo Kenyatta, nywele zimesokotwa hadi mabegani, ndiyo picha ya Mau Mau inayosambazwa kuliko nyingi. Mwenzake, Jenerali Baimungi, naye wa Meru, aliuawa mwaka 1965 na majeshi ya Kenya huru. Mau Mau yenyewe, iliyopigwa marufuku mwaka 1950, iliendelea kuwa kundi haramu hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta sheria hiyo mwaka 2003. Kwa miaka 53, aliyesimulia hadharani alikuwa akizungumzia kosa la jinai. Msishangae basi babu alipofika sehemu fulani na kunyamaza.

Mwaka 2009 wazee wachache, akiwemo mwanamke aliyeteswa katika kambi ya wilaya ya Embu ya wakati huo, waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kesi ilifukua faili zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza, karibu 1,500 za Kenya. Juni 2013 Uingereza ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Tangu hapo kazi za maana zimeanza kuonekana. Our Land, Our Freedom ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, ya 2023, inamfuata Wanjugu Kimathi akitafuta mabaki ya baba yake, Dedan, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Februari 18, 1957. Wakenya na Waingereza walioanzisha jumba la makumbusho la ukoloni mtandaoni wamejenga upya kambi za kizuizini kwa kompyuta, unaingia unazunguka. Na kwa anayetaka kuanza na Afrika nzima, sijui pa kumwelekeza isipokuwa kwa Ali Mazrui wa Mombasa na vipindi vyake tisa vya 1986, The Africans. Mtu mmoja, suti, bara zima, na sauti ni yetu.

Lakini hizo si za Embu na Meru. Zetu zitapigwa na nani? Jumba la Makumbusho la Meru liko katika iliyokuwa ofisi ya DC, jengo la 1916. Ukuta wake mmoja ungetosha kuwa pazia. Vyuo vikuu tunavyo, Embu, Chuka na Meru, vyenye wanafunzi ambao kila mmoja ana kamera mfukoni bora kuliko ile ya London ya 1955. Kwa sasa kamera hizo zinapiga densi. Sizilaumu, nami nimecheza.

Aliyekuwa na miaka 15 imajensi ilipotangazwa alizaliwa 1937. Piga hesabu.

Kwa hivyo Desemba hii ukipanda matatu kwenda ushago, beba chaja. Usianze kwa kumwambia mzee "tueleze Mau Mau," atakupa hotuba ya Sikukuu ya Mashujaa na utarudi bure. Mwonyeshe picha za zamani bila sauti. Mwulize ua ulijengwa kwa mti gani, nani alilala kitanda cha pili, mlikula nini siku ambayo kipenga kililia mapema. Mwache aseme Kiembu, Kimbeere au Kimeru, Kiswahili kitatafutwa baadaye. Ilaze simu, picha ya kusimama haitoshi watu wawili. Akinyamaza, nyamaza naye, usizime. Na kabla hujaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, muulize kama majina aliyoyataja yanaweza kutoka nje, maana mwenye jina huenda ndiye jirani anayewauzia maziwa.

Cucu ameniambia nimletee video nyingine, isiyo na kelele. Nakwenda Jumamosi.